Mguu wa Baba Mkwe

Taa ya breki iliwaka kwa mara ya tatu mwaka huo, na safari hii haikuwa ya njano. Sekunda aliuona wekundu wake kwenye miwani ya baba mkwe wake kabla gari halijasimama vizuri mbele ya gereji, akafunika sahani yake ya wali. Fundi breki wa Ilula hali chakula cha moto, hilo alishalizoea.

"Kamwene, mkwe," alisema Mzee Fidelisi Kihwele kupitia dirishani. "Gari lako limeanza tena ujinga wake."

Gari lilikuwa la mzee, na kadi ilikuwa na jina lake. Ila likiwa zima lilikuwa lake. Likiharibika, lilikuwa la mkwe.

"Kamwene, baba. Shikamoo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Leokadia kutoka kiti cha mbele. Alikuwa na plasta mkononi, pale sindano ilipotoka. Mara tatu kwa wiki mzee alimpandisha kutoka Mahenge, chini kabisa ya mlima, akamleta kwenye zahanati ya Ilula iliyokuwa na mashine ya kusafisha damu, akamsubiri kwa saa nne nje kwenye benchi, kisha akamshusha nyumbani. Figo za mama zilikuwa zimechoka. Mzee hakuwa amechoka, au ndivyo walivyoamini wote.

Kati ya Ilula na Mahenge kuna Kitonga. Magari yanayojiendesha yalipoletwa nchini yalifika mpaka pale juu, yakapima mteremko, yakapima na malori yanayoshuka na tani thelathini za nyanya huku dereva akiomba Mungu, yakagoma. Yamegoma mpaka leo. Kwa hiyo Kitonga iliachiwa miguu ya binadamu, kwa sharti moja: kila gari linaloshuka pale lazima liusome mguu wa dereva wake. Linajifunza kidogo kidogo, uzito wake, haraka yake, hata woga wake, na yote hayo huingia kwenye kumbukumbu ambayo mafundi huiita kitabu cha mguu.

"Imewaka ukiwa wapi, baba?"

"Palepale getini kwa zahanati. Sikuwa hata na mwendo."

Sekunda alichomeka waya wa mashine ya kupimia chini ya usukani. Kioo kikawaka, namba mbili zikatokea: arobaini na moja, na chini yake kumi na saba.

Ya kwanza aliijua vizuri. Arobaini na moja ni mkanyago usio sawa, na pale Ilula waliiita namba ya wazee. Dereva aliyezeekea kwenye malori ya zamani hawezi kukanyaga breki mara moja akatulia. Anaipampu. Anakanyaga mara mbili, mara tatu, za kuamsha, ndipo anakanyaga ya kweli, maana lori lililomlea halikuwa na breki kwenye mkanyago wa kwanza. Haibridi, gari la mafuta na umeme kama hili, haielewi mambo hayo. Inaona mguu unasitasita, inawasha taa. Fundi anaizima, wanacheka, maisha yanaendelea. Mzee Fidelisi alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na minne. Sekunda aliizima namba yake mwezi wa pili, akaizima tena mwezi wa tano.

Kumi na saba hakuwahi kuiona kwenye gari lile.

Chini ya namba palikuwa na maandishi ambayo nayo yalikuwa mageni. Daftari la Barabara, ambalo husoma kila gari nchini, lilisema kosa limejirudia mara tatu, hivyo fundi achague kabla jua halijazama: KIFAA au MTU. Akichagua kifaa, anataja kilichoharibika, anakibadilisha, gari linaondoka. Akichagua mtu, leseni ya dereva inafungwa papo hapo, nchi nzima, na haifunguliwi tena.

"Inasemaje?" mzee aliuliza.

"Inasema nisile wali," alijibu Sekunda. "Shukeni mkae kivulini, baba. Leo nitaipima yote."

Alianza na mafuta ya breki. Yalikuwa masafi, hayana maji. Akapima pampu inayotunza presha, akaiacha dakika kumi, presha haikushuka hata kidogo. Akapima sensa ya pedali, ile inayoiambia kompyuta mguu umeshuka kiasi gani. Sensa hiyo husoma mara mbili kwa pamoja, na majibu yake yakipishana ndipo fundi ana haki ya kuitukana. Hayakupishana. Akafuata waya mpaka kwenye magurudumu, akavua pedi moja moja akazipanga kwenye gunia. Pedi zilikuwa nene ajabu. Pedi za gari linaloshuka Kitonga mara tatu kwa wiki hazina sababu ya kuwa nene namna ile.

Hapo ndipo alipokaa juu ya tairi bovu na kuirudia ile kumi na saba.

Haibridi hufunga breki kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza ni mota: badala ya kuyasukuma magurudumu inayavuta nyuma, na nguvu inayopatikana hapo inaingia kwenye betri. Mkono wa pili ni mafuta yanayobana pedi kwenye diski, kama gari lolote. Dereva anakanyaga pedali moja tu, kompyuta inagawa kazi. Sheria inaliruhusu gari kumsaidia dereva kwa mota. Kwa mafuta hairuhusiwi, tangu siku ile magari kumi na moja yalipojifungia breki yenyewe kwenye kona moja kwa ajili ya mbuzi, na lori lililokuwa nyuma yao halikuwa na habari na mbuzi. Baada ya mazishi yale watu walisema basi, mafuta yawe ya mguu wa mtu.

Kumi na saba maana yake mota imesaidia kupita kiasi. Sekunda alifungua mchoro wa wiki sita. Kwenye kila kona, mota ilianza kuvuta kabla ya mguu wa mzee, karibu nusu sekunde nzima. Gari lilishausoma ule mguu, likajua utachelewa, likawa linautangulia. Ndiyo maana pedi hazikuisha.

Kisha akautazama mstari wa mguu wenyewe. Kupampu huacha ngazi: moja, mbili, tatu, halafu mstari unanyooka. Hapa aliona meno ya msumeno, madogo na ya haraka, yaliyoanza kabla ya mkanyago na kuendelea baada yake, hata pale gari lilipokuwa limesimama kwenye foleni na mguu hauna kazi yoyote.

Kuna kipimo ambacho ni lazima kifanywe kabla ya kuizima namba ya wazee. Fundi anapiga magoti mlangoni, anashika kifundo cha mguu wa dereva, na dereva anakanyaga mara thelathini. Mkono wa fundi husikia mambo ambayo sensa haina namba yake. Baada ya hapo fundi anatia saini kwamba ameshika.

Sekunda alitia saini mara mbili, na mara zote mbili hakushika. Kwa akina Kihwele, mkwe hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, hakai naye kiti kimoja, na kikombe cha chai anakiweka mezani ili mzee akichukue mwenyewe. Tangu Gaudensi amuoe, miaka kumi na tisa sasa, waliishi hivyo, na ndani ya heshima hiyo walipendana sana, hata Gaudensi alipokuwa migodini mwaka mzima mzee hakuacha kupita gerejini kumsalimia. Angemshikaje mguu? Aliandika "mazoea ya dereva wa zamani", akatia saini, akaona amemstahi mzee wake.

Alirudisha pedi kwenye magurudumu, akawaendea kivulini akiwa ameyapanga maneno, na maneno yakavurugika njiani.

"Baba, kuna kipimo cha mguu. Fundi anashika hapa." Alijionyesha kifundo chake mwenyewe. "Nimefikiria nimwite Mbilinyi wa gereji ya pili aje ashike yeye."

"Mbilinyi?" Mzee aliinua kichwa. "Mbilinyi si ndiye aliyemfungia padri gurudumu likachomoka? Hanishiki mguu."

"Sasa baba, tutafanyaje?"

"Uache. Zima taa twende, mama yako amechoka."

Hakumtazama alipokuwa akisema. Mama Leokadia ndiye aliyetazama, akamtazama mumewe kwanza, kisha mkwe, na kwa mkwe macho yake yakakaa. Akavuta kitenge kilichokuwa mabegani mwake.

"Nenda ukakae kwenye gari, Fidelisi."

Mzee akaenda, akakaa nyuma ya usukani. Mama akainama kwa shida, akakizungusha kitenge kwenye mguu wa mumewe kuanzia kwenye kiatu mpaka chini ya goti, akakipiga fundo.

"Haya, Sekunda. Shika kitenge changu. Kitenge hakina ukwe na mtu."

Mzee alicheka, na Sekunda akacheka, na kicheko kikawasaidia. Akapiga magoti kwenye kokoto, akashika.

"Kanyaga, baba."

Kabla mguu haujashuka alishausikia. Chini ya nguo kulikuwa na mtetemo mdogo usiokoma, kama wa sufuria inayokaribia kuchemka. Mzee akakanyaga. Mguu ulichelewa, ukashuka, ukatetemeka juu ya pedali. Akakanyaga tena. Sekunda alihesabu mpaka sita akaacha kuhesabu, lakini hakuachia. Alibaki ameushika mguu wa mtu ambaye hakuwahi kumgusa hata siku moja, na machozi yakamtoka, hakuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu Kwaresima." Mzee alikuwa anaangalia mbele, kwenye kioo. "Nilidhani ni baridi. Mikono bado ni mizima. Ni huu mguu tu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye ungenifungia. Kwa hiyo gari lilijua?"

"Lilijua kabla yako. Limekuwa linakufungia breki."

"Na halikusema."

"Limesema mara tatu, baba. Mimi ndiye niliyelinyamazisha."

Mama Leokadia alikuwa amesimama pembeni, mkono juu ya mlango, kusikia anasikia. "Andika sensa," alisema.

"Mama."

"Hiyo mashine yako inataka kifaa au mtu, nimekusikia ukisoma kwa mdomo kama mtoto wa chekechea. Iambie ni kifaa. Unalijua gari la wagonjwa? Linapiga honi alfajiri, linachukua mgonjwa peke yake, msindikizaji haruhusiwi kukanyaga. Utakaa saa nne na sindano mwilini unatazama ukuta. Mimi nikitoka mle ndani namkuta huyu kwenye benchi, anasinzia, mdomo wazi. Basi hicho ndicho kinachonirudisha kwenye ile mashine, Sekunda. Si daktari."

Mzee alikuwa amefungua fundo la kitenge na anakikunja, na alikuwa anakikunja vibaya.

Sekunda alikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Akibonyeza MTU, Daftari lingefungua saini zake mbili za nyuma na kuuliza zilikuwaje. Muhuri wake wa breki, unaompa ruhusa ya kazi, ungefungwa, miezi mitatu au zaidi, na muhuri ule aliusotea miaka minane katika mji ambao wateja walikuwa wakifika wanamuuliza yeye mwenyewe fundi yuko wapi. Hakutaka kujidanganya kwamba huruma yake ilikuwa ya wazee peke yao. Aliogopa kwa ajili yake pia, na kuogopa huko kulimtia aibu.

Baya zaidi, njia ilikuwepo. Mota humsaidia dereva mradi betri ina nafasi ya kupokea. Ikijaa, mota inaachia, na mguu unabaki na mafuta yake. Betri ya mzee ilikuwa inajaa karibu na kona za mwisho. Ndiyo maana huko chini mchoro ulionyesha gari likienda polepole kuliko mtu wa miguu. Alikuwa anaogopa, maskini, na hakujua kwa nini gari lililomtii juu linamkaidi chini. Lakini betri ikikamuliwa kabla ya kushuka, mota itamsindikiza mpaka Mahenge. Kuwasha taa zote, hita, kiyoyozi na redio kwa dakika ishirini kabla ya kila safari. Mtu yeyote anaweza kulikumbuka hilo. Na sensa ingebadilishwa, sensa nzima, kwa sensa nyingine nzima.

Alirudi akawasha kila kitu. Redio iliimba, hita na kiyoyozi vikagombana, betri ikashuka kutoka asilimia sitini mpaka ishirini.

"Tunashuka nikaone," alisema. "Sijaandika chochote bado."

Pale Ilula, fundi aliyegusa breki hupanda gari alilolitengeneza na kushuka nalo Kitonga mpaka chini, pamoja na mwenye gari. Kabla ya hapo kazi haijaisha. Haikuandikwa popote, na hakuna anayeivunja. Wapo mafundi walioambiwa panda wakakumbuka ghafla kwamba kuna nati hawakuikaza.

"Mama, wewe ubaki," alisema Sekunda.

"Nimeshuka Kitonga na mwanaume huyu tangu ana nywele nyeusi," alisema Mama Leokadia, na tayari alikuwa anafunga mkanda.

Sekunda akakaa nyuma ya mama mkwe, mashine mapajani. Mzee akatoa gari.

Alikuwa dereva hasa. Mikono yake ilizipokea kona mapema, macho yake yalisoma magari ya mbele mpaka la tatu, na alijua ni lori gani linashuka kwa gia na lipi linashuka kwa bahati. Kwenye kona ya kwanza mota ilivuta kidogo, mguu ukafuata. Kwenye ya pili hivyohivyo. Kwenye mchoro mistari miwili ilikwenda pamoja, mmoja mtulivu na mmoja wa meno meno, na ule mtulivu kila mara ukimtangulia mwenzake. Ilipendeza kutazama, na hilo lilimtia Sekunda uchungu. Kona ya nne, betri arobaini. Kona ya saba, sitini na mbili. Akaanza kuamini. Akaanza hata kutunga sentensi ya kuandika, kwamba sensa ya pedali imechoka upande wa pili.

Kitu ambacho hakukipigia hesabu ni joto. Betri iliyokamuliwa haraka na kujazwa haraka huchemka, na ikichemka haipokei kitu hata ikiwa na nafasi tele. Kwenye kona ya tisa mstari mtulivu ulianguka mpaka chini ukabaki huko.

Baada ya kona, lori la nyanya lilikuwa mbele yao, linatambaa. Nyuma ya lori, juu ya matenga, alikaa mtu mwenye koti la kijani, miguu ikining'inia, anakula hindi la kuchoma.

"Baba, mota imeachia!"

Mzee alishakanyaga. Akili yake ilituma mapema kabisa, vilevile kama ambavyo ingetuma miaka ishirini iliyopita. Mguu ndio uliochelewa kupokea, ukafika ukitetemeka, ukabana ukaachia, ukabana ukaachia, na gari likawa linakwenda kwa kushtukashtuka. Mtu wa hindi akainua miguu yake yote miwili, taratibu, kama anayempisha mwenye ufagio. Gari likasimama. Kati ya boneti na ubao wa lori mkono ungepita, ila uwe mkono mwembamba.

Lori halikujua lolote, likaendelea kushuka. Yule mtu akarudisha miguu chini, akawapungia hindi lake kuwasalimia, na lori likampeleka nyuma ya kona inayofuata.

Mzee alilisogeza gari pembeni, pale malori yanapopumzikia, akavuta breki ya mkono. Mama Leokadia alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili na hakuiachia. Redio ilikuwa bado inaimba. Sekunda akanyoosha mkono katikati ya viti akaizima.

Alikuwa anaiona ile miguu miwili. Ilikuwa na viatu vya mpira, kimoja kina kamba na kingine hakina. Yeye alikuwa amekaa gerejini anapima huzuni ya mama na aibu ya mzee na muhuri wake mwenyewe, amezipanga zote kwenye gunia kama pedi, na mwenye miguu ile hakuwemo kwenye hesabu. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Na kesho angekuwa mwingine, na keshokutwa mwingine, wote wanakula mahindi yao.

"Baba," alisema, "nafunga."

Mzee alimtazama kwenye kioo cha ndani. Uso wake ulikuwa na jasho. "Funga, mkwe."

"Mama?"

Mama Leokadia akaiachia dashibodi polepole. Lori jingine lilipita, na jingine.

"Alikuwa anakula hindi," alisema mwishowe. "Funga, mwanangu."

Sekunda akabonyeza MTU. Daftari likauliza hapohapo kwa nini kosa hili lilifutwa mara mbili, likampa nafasi ndefu ya kujieleza. Aliandika: Sikushika mguu. Ni baba mkwe wangu. Akatuma.

Majibu hayakuchelewa. Muhuri wake ulifungwa siku tisini. Leseni ya Fidelisi Kihwele ilifungwa, na chini yake Daftari likaweka jina la daktari wa Iringa anayetibu mitetemeko. Kisha gari lenyewe likasema, kwa ile sauti yake ya upole, "Dereva, tafadhali mpishe mwingine."

Mzee aliweka kiganja juu ya usukani, akakiacha hapo kidogo. "Asante," aliliambia gari. "Umenibeba vya kutosha." Akafungua mlango akashuka, akasimama kwenye upepo, mikono nyuma, mgongo kawapa.

Sekunda alishuka naye. Kumgusa asingeweza, na kitenge hakikuwa karibu, kwa hiyo alisimama pale ambapo mkwe anaruhusiwa kusimama na akasema alichokuwa nacho.

"Mimi sina gereji sasa mpaka siku tisini ziishe, baba. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa Mahenge kuwachukua. Mama ataingia kwenye mashine yake, wewe utakaa kwenye benchi lako. Tutampitia na huyo daktari."

"Na siku tisini zikiisha?"

"Tutakuwa tumeshagombana vya kutosha, tutapata jibu."

Mzee alitikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule ambao yeye alidhani hauonekani. "Gari lako hili," alisema. "Lilianza ujinga tangu siku nyingi."

Alifungua mlango wa nyuma, maana kiti cha mbele kando ya mkwe hakikuwa chake, akaingia. Sekunda akakaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele. Alipotaka kuondoka, Mama Leokadia alifungua mkanda wake, akafungua mlango, akaanza kushuka, mguu mmoja, kisha baada ya muda ule wa pili.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwa mume wangu."

Akazunguka gari kwa kulishikilia, akaingia nyuma.

Wakashuka. Sekunda hakutaka kuwatazama, lakini kioo cha ndani kazi yake ni hiyo. Mzee alikaa wima kama mzigo uliofungwa kamba, na kwenye kila kona mguu wake ulikanyaga sakafu kwa nguvu, akifunga breki isiyokuwepo. Kona ya kumi alikanyaga, kona ya kumi na moja alikanyaga. Kabla ya kona iliyofuata Mama Leokadia akauchukua mkono wake akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa wake. Miaka arobaini na miwili walipanda na kushuka mlima ule pamoja, na mikono ya mzee siku zote ilikuwa na usukani.

Mzee aliutazama mkono wake ulipo. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kona ya kuangalia, akaangalia nje ya dirisha.

"Leokadia. Kumbe kuna mto huku chini."

"Upo siku zote."

"Sikuwahi kuuona."

"Mimi ndiye niliyekuwa nauangalia," alisema mama. "Sogea huku. Kuna mahali unapita kwenye mawe meupe, ni hapo mbele, nitakuonyesha."

Akasogea. Vichwa viwili vyenye mvi vilikaa kwenye dirisha moja, na kutoka mbele hakuna aliyeweza kujua ni yupi aliyekuwa anatetemeka.

"Mkwe," alisema Mama Leokadia, "punguza mwendo. Hatuna haraka."

Sekunda akakanyaga breki, na gari, ambalo lilikuwa bado halimjui, likapunguza.